KIKUNDI CHETU NA WATOTO WENYE ULEMAVU WANAOKWENDA CHUO KIKUU

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Ustawi katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya kikundi, Pangani)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Wapo wenzetu tulioanza nao safari ambao hatunao tena. Mungu awarehemu, na mchango wao kwenye sanduku hili hatutausahau.

Habari za sanduku, kufuli zake tatu, mitaji ya dagaa, nazi, ukili na mama lishe, mabati yaliyoezekwa na watoto waliosomeshwa, zote zimeshasemwa kwenye risala. Hatutazirudia. Sisi wa Kamati ya Ustawi tulipewa kazi moja na mkutano mkuu: tutazame kikundi kifanye nini kuhusu watoto wetu wenye ulemavu wanaofaulu kwenda chuo kikuu. Tumeulizia hospitalini, tumekaa na wazazi, tumezungumza na watoto wenyewe, tumesoma na miongozo. Tunachowaletea leo ndicho tulichokiona, na mwisho wake kuna ombi ambalo mtalipigia kura kabla hatujavunja mzunguko wa mwaka huu.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Watu huyataja maneno haya msibani au wakipita mbele ya mtu aliyepata ajali, kisha wakayasahau. Lakini Sensa ya mwaka 2022 imetuonyesha kwamba Watanzania wenye ulemavu, kwa wale wa umri wa miaka 7 na kuendelea, ni asilimia 11.2. Maana yake ni karibu mtu mmoja katika kila tisa. Hebu tuhesabu safu tulizokaa hapa. Hatuzungumzi habari za watu wa mbali.

Mkoa wetu wa Tanga si mgeni katika elimu ya watoto hawa. Kule Lushoto iko Shule ya Wasioona Irente. Hapo Tanga mjini, Shule ya Msingi Pongwe imepokea watoto wasioona na wenye ualbino kwa miaka mingi. Mwaka 2007 huko Magamba, Lushoto, kikaanza chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na kikajulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalum. Kwa hiyo mtu akisema mtoto asiyeona hasomi, huyo hajapanda milima yetu wenyewe.

Na matunda tumeyaona. Dk. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2015 akateuliwa Naibu Waziri, na mwaka 2017 akawa Balozi wetu Ujerumani. Ndugu Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, alipata kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Hawa hawakupewa vyeo kwa kuonewa huruma. Walisoma.

Tena njia ya kufika mpaka kidato cha sita imekuwa nyepesi kuliko zamani. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita ikaondolewa mwaka 2022. Sasa basi, mtoto anapanda ngazi zote hizo, anafika kwenye mlango wa chuo kikuu, na hapo ndipo familia inapoanza kutazamana.

SERIKALI INATOA NINI

Ni vizuri tuseme ukweli: Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Mkopo wake unagusa ada ya masomo, chakula na malazi, vitabu na viandikio, mahitaji maalum ya kozi, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ikapandishwa kuwa shilingi 10,000.

Mwombaji mwenye ulemavu yumo katika makundi yanayotazamwa kwa namna ya pekee, pamoja na yatima na watoto wa kaya maskini. Na hili wengi wetu hatukulijua: hata mtoto ambaye mzazi wake ndiye mwenye ulemavu naye anatazamwa hivyo. Wapo kinamama humu ndani wanaohusika. Msikae na haki yenu ndani ya pochi.

Halafu iko Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayotambua haki ya kusoma pamoja na wengine. Vyuo vikuu kama Dar es Salaam na Dodoma vina vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalum. Mtoto akifika chuoni ashukie huko kwanza, aulize kuna vifaa gani vya kuazima na nani wa kumwelekeza.

Baadhi ya wazazi walituambia hawataki mkopo wa Bodi kwa kuogopa riba. Tunaheshimu imani ya kila mmoja. Ila wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inaongezwa kwenye deni mwaka hadi mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Asiyekuwa na hakika aende kwa shehe wake akiwa na habari sahihi, asiende na habari za mwaka arobaini na saba.

PENGO LIKO WAPI

Kama Serikali inatoa yote hayo, sisi wauza dagaa tunatafuta nini katika habari ya chuo kikuu? Hapa ndipo tunaomba mtusikilize kwa makini. Tuliona mapengo matatu.

Pengo la kwanza ni makaratasi. Ili Bodi imtambue mtoto kuwa ana ulemavu, fomu yake ithibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Fomu ya mkopo isainiwe na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, iwe na mdhamini, kisha ipite mbele ya wakili au hakimu. Baada ya hapo yote yapigwe picha na kutumwa kwa mtandao.

Kwa mtu mzima wa miguu, anayekaa hapa mjini, hayo ni mambo ya siku mbili tatu. Sasa mchukue mtoto wa Mkwaja au Mkalamo anayetembea kwa magongo. Kila karatasi ni safari. Kila safari ni nauli ya watu wawili, maana lazima awepo wa kumshika mkono. Akifika akaambiwa mhusika yuko kwenye kikao, njoo kesho, nauli imekufa. Akitoka upande wa Bweni lazima auvuke mto, na kuvuka mto ukiwa kwenye kiti cha magurudumu, wenye kujua wanajua.

Tena majira yenyewe yanabana. Mitihani ya kidato cha sita ni mwezi wa tano. Baada yake vijana wanaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, na wale wenye ulemavu wa kuonekana wamekuwa wakipangiwa kambi ya Ruvu, Mlandizi, mkoani Pwani, kwa kuwa ndiyo iliyoandaliwa kuwapokea. Dirisha la mikopo nalo hufunguliwa katika miezi hiyo hiyo ya katikati ya mwaka. Mzazi anabaki nyumbani anakimbizana na karatasi za mtoto asiyekuwepo. Dirisha likifungwa, limefungwa.

Pengo la pili ni wiki za mwanzo. Fedha ya Bodi haimfuati mtoto nyumbani. Mtoto anatangulia, anajisajili chuoni, anasaini, ndipo fedha inaingia. Nauli ya kufika Dodoma au Mbeya, godoro, ndoo na chakula cha siku za kwanza vinatoka mfukoni mwa mzazi. Mtoto mwingine anaweza kulala kwa rafiki na kula mlo mmoja akivuta siku. Mtoto asiyeona, katika mji asioujua, hawezi kubahatisha hivyo.

Pengo la tatu ndilo kubwa: ulemavu wenyewe una gharama zake. Asiyeona anahitaji fimbo nyeupe, kibao na kalamu ya nukta nundu, karatasi zake nzito, kinasa sauti au simu inayosoma maandishi, na mara nyingi mtu wa kumsomea vitabu. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, la sivyo darasani anaangalia midomo ikichezacheza tu. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, miwani na mafuta ya kujikinga na jua. Pale KCMC Moshi yanatengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili hiyo hiyo. Naye atakaye kiti cha magurudumu, kiti huchakaa, matairi huisha, na tairi halina likizo.

Rudieni ile orodha ya mkopo tuliyoitaja. Kuna ada, kuna chakula, kuna vitabu. Msaidizi hayumo. Wa kumsomea hayumo. Tairi la kiti halimo.

Tuseme habari ya binti mmoja wa hapa hapa, mtoto wa mwenzetu, bila kumtaja jina. Alipata chuo, akapata na mkopo. Miguu yake haina nguvu, kwa hiyo alikwenda na binamu yake wa kumsaidia kuoga na kusukuma kiti. Mkopo ulihesabu mtu mmoja, lakini kwenye sahani walikuwa wawili. Ile shilingi 10,000 ikawa moja kwa matumbo mawili na kitanda kimoja. Muhula wa pili binamu alichoka akarudi nyumbani, na binti akawa anakosa vipindi vya ghorofani. Mama yake alikopa humu kikundini mara tatu. Hisa zake zote zikawa dhamana. Mwaka ule tulipogawana, yeye alipokea bahasha nyembamba kuliko wote, na hakusema neno. Binti yu mwaka wa mwisho sasa. Lakini kinamama, tujiulize: ni haki mama huyu pekee kuubeba mzigo ule, na sisi tukisema tuna mfuko wa jamii?

MKOPO AU MSAADA

Katika mazungumzo yetu swali hili ndilo lililochukua muda mrefu. Wapo waliosema fedha ya kikundi ni ya kuzunguka, itoke na irudi. Hiyo ndiyo kanuni iliyotufikisha miaka 10, na sisi hatutaki kuivunja. Lakini tufikiri pamoja.

Chukua mabinti wawili, kozi moja, chuo kimoja. Wote wana mkopo wa Bodi. Wakimaliza na kupata kazi, wote watakatwa asilimia 15 ya mshahara, kama sheria ilivyo tangu ilipobadilishwa mwaka 2016. Mpaka hapo wako sawa. Sasa yule mwenye ulemavu tukimkopesha tena fedha ya msaidizi na ya kiti, maana yake shahada ile ile yeye ameinunua kwa bei kubwa kuliko mwenzake. Na alichokinunua kwa ziada si anasa. Amenunua kuingia mlangoni, ambako mwenzake ameingia bure kwa miguu yake.

Kwa hiyo Kamati inatenganisha mambo mawili. Gharama ambayo kila mwanafunzi anayo, kama nauli ya kwanza, godoro na chakula cha kusubiria fedha ya Bodi, iwe mkopo wa kikundi usio na faida, urudishwe Bodi ikishatoa. Gharama inayotokana na ulemavu, kama msaidizi, tairi, nukta nundu na mafuta ya ngozi, iwe msaada usiorudishwa. Hapa hatufanyi sadaka ya kumpigia mtu makofi. Tunasawazisha mizani.

Na majirani zetu wamefikiri hivyo hivyo. Uganda, katika nafasi 4,000 zinazolipiwa na Serikali kwenye vyuo vikuu vya umma, nafasi 64 zilitengwa kwa wanafunzi wenye ulemavu. Ni chache, lakini zinajulikana, na mtoto anazililia kwa haki yake. Kenya, Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, lina mfuko unaosaidia masomo. Jambo la kujifunza kwao ni moja: fungu liwe limetengwa kabla ya shida, lisiwe la kuchangishana shida ikishagonga hodi.

MASWALI TULIYOULIZWA

"Atasoma, apate wapi kazi?" Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Hatusemi kila mwajiri anatimiza. Tunasema asiye na cheti hawezi hata kwenda kudai.

"Wa chuo kikuu ni wachache, kwa nini tusianze na wa shule ya msingi?" Ni kweli ni wachache, na ndiyo maana tunawamudu. Mtoto wa shule ya msingi ana Serikali, ana mwalimu na ana mzazi karibu. Huyu anapelekwa mji mgeni peke yake. Na mmoja akirudi hapa akiwa mwalimu au hakimu, mzazi wa Kipumbwi anayemficha mtoto ndani atamtoa mwenyewe.

"Sisi si Serikali." Sawa kabisa. Kazi ya Serikali tutaendelea kuidai kwa Serikali. Tena fungu la asilimia 10 la mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Wanachama wenye ulemavu na wazazi wao waliulizie, kwa maana biashara ikisimama nyumbani, mtoto hasimami chuoni. Lakini nauli ya kwenda kwa Mganga Mkuu Jumatatu asubuhi haisubiri bajeti.

MAPENDEKEZO YETU

Ndugu Mwenyekiti, Kamati inapendekeza mambo matano.

1. Kila mwanachama aongeze shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii. Tukiwa 30, hiyo ni shilingi 15,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 780,000. Fungu hili liandikwe kwenye daftari lake na lisiguswe kwa jambo jingine.

2. Kila mwaka, kabla mitihani ya kidato cha sita haijaanza, Kamati iorodheshe watoto wenye ulemavu, na watoto wa wazazi wenye ulemavu, katika kaya za wanachama na majirani. Cheti cha kuzaliwa na fomu ya Mganga vishughulikiwe mapema, kijana hajaenda kambini.

3. Wanachama wawili wanaojua kusoma vizuri na kutumia simu wapewe kazi ya kuwasindikiza wazazi kwenye makaratasi. Nauli yao itoke kwenye fungu.

4. Msaada utolewe kwa mwanafunzi mwenyewe, yeye aseme anahitaji nini. Asipigwe picha akipokea, wala asisimamishwe mbele ya watu kushukuru.

5. Tusikae peke yetu. Tujuane na vyama vyao wenyewe kupitia SHIVYAWATA, shirikisho lao: wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wenye ualbino. Wao ndio wanaojua kiti kipi kinadumu kwenye mchanga na kipi cha kupigia picha.

Mwaka huu tunao wawili mkononi. Yupo huyo binti wa mwaka wa mwisho, aliyebakiza miezi michache na hana msaidizi. Na yupo kijana mwenye ualbino, haoni mbali, amefaulu kidato cha sita, na mama yake amekuwa akiuliza kama auze minazi sita aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tumemwambia asubiri kura yenu.

Wageni waalikwa, nanyi tunawaomba. Aliye hospitali, mzazi akija na fomu asirudishwe mara mbili. Mwenye gari la abiria, kiti cha magurudumu kisilipishwe kama mzigo. Mwenye duka la kompyuta, siku ya mwisho ya dirisha usizime taa mapema. Hizo nazo ni hisa, hata kama haziingii kwenye sanduku letu.

Kinamama, tulipoanza tulichekwa. Tukaambiwa upatu wa wanawake haufiki miezi mitatu, watagombana. Leo ni miaka 10, na kufuli ni zile zile tatu. Haba na haba imejaza kibaba. Kilichobaki ni kukubaliana kibaba hiki tumpimie nani.

Tunaomba kuwasilisha. 

Kamati ya Ustawi
Pangani